Umepumzika Mara Ngapi?

Simuulizi tena kama kifua kinamuuma.
Atasema hapana. Kifua hiki kimenyonyesha saba,
na kamba ya mzigo haipiti kifuani,
inapita kwenye paji la uso,
imeshachimba mfereji wake pale.

Namuuliza: kutoka bichi ya Muhanzi
mpaka soko la Kadutu, unapumzika mara ngapi?

Mama Cibalonza anacheka. Swali gani hilo la muuguzi?
Mara tatu. Kwenye bomba.
Kwenye ukuta wa fundi cherehani.
Na pale juu, karibu kufika, pale udongo ulipokula njia.

Na msimu wa maharagwe uliopita?

Ananyamaza.
Anahesabu kwa vidole kama anayedaiwa.
Mara moja, anasema. Mara moja tu,
na gunia lilikuwa zito kuliko hili.

Hapo ndipo ugonjwa unapojitaja jina.

Kabla yangu wengine wamekwisha kuupa majina yao.
Mwenye duka la dawa: malaria isiyo na homa.
Wenzake wa kwaya: minyoo, ndiyo maana unatapika asubuhi.
Mume wake: umri.
Jirani: mawazo, mama, unawaza sana.
Na taya la kushoto lilipouma akipanda
na kunyamaza akikaa,
mtu fulani huko Essence alimng'oa jino
kwa franga elfu tano.

Jino lenyewe ninaliona.
Anafungua fundo la kikwembe, ananionyesha:
jeupe, zima, halina hatia.

Ukutani kwetu kuna picha.
Mwanaume mnene mwenye tai
ameshika kifua chake, anaanguka vizuri.
Mwaka wa mtihani nilimchora nikapewa
kumi na saba juu ya ishirini.
Miaka kumi na tisa niko Kadutu,
sijamwona bado akipanda huku.

Niliyemwona ni mama mdogo wangu, Nsimire.
Alikuja jioni, jasho lake baridi kama samaki.
Akaniambia: nimechoka, Mugoli,
nimechoka uchovu usio wangu.
Mimi, muuguzi,
nikampikia chai ya tangawizi.

Mashine ya kuandika moyo tunayo.
Umeme ndio hatuna, mpaka saa nane.
Saa nane! Mzigo wa watu unaningoja, anasema,
mwenye unga atampa mwingine.
Namwomba akae. Namwomba tena,
kwa sauti ambayo sikuwa nayo siku ya chai.
Anakaa upande mmoja wa kiti,
kama mtu aliyealikwa kwa makosa.

Saa nane na robo taa inawaka.
Namlaza. Nabandika waya chini ya titi,
anageuza uso dirishani kwa haya.
Karatasi inatoka polepole, inapanda, inashuka,
na pale mstari ulipotakiwa kutulia
umezama,
kama nyumba za mteremkoni baada ya mvua,
bado zimesimama, lakini chini ya mahali pake.

Ni nini?
Ni moyo, mama. Mishipa yake imebana.
Ukipanda, unaomba damu, haipati.

Anafikiri.
Kwa hiyo halikuwa jino?
Halikuwa jino.
Analiweka juu ya meza yangu, taratibu,
kama chenji iliyozidi.
Basi mrudishieni aliyelitoa.

Amekwenda na pikipiki, barua mkononi,
kidonge cha kutafuna kimeacha unga mweupe midomoni.
Dereva nimemwambia aende pole, asimshushe njiani,
hata akisema amepona, hata akimpa pesa.

Kwenye benchi wamebaki wanne.
Mmoja anajipepea, na leo kuna baridi.
Nitaanza na huyo.

Mzigo wa Cibalonza umebaki mlangoni, watu wanauruka.
Nimeinama, nimeweka kamba kwenye paji la uso wangu,
nimejaribu kusimama nao.

Haukutoka chini.